Maji Yalikuwa Yameshuka

Jumatatu, Mei 2019. Grand Prairie.

Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile ya Texas yenye makelele, na nyumba bado inanuka nyama ya mbuzi ya jana. Baba amelala chumba cha watoto. Nina hasira tangu jana na sijapata wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe, na kidogo kaka yangu Mwangi, na kidogo Wakenya wote wa Dallas.

Baba anarudi Nyeri Alhamisi. Ana presha ya macho, na daktari amesema wazi kwamba kinachopotea hakirudi. Kwa hiyo alipokuja kututembelea nilitaka jambo moja tu: avue samaki wa trauti mara moja zaidi kwenye mto wa mlimani, angali anaweza kumwona nzi wake juu ya maji. Si nzi wa kweli. Ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya jogoo. Baba huzifunga mwenyewe, siku hizi kwa kupapasa. Alinifundisha kurusha mshipi kwenye mto unaoshuka kutoka Mlima Kenya nikiwa darasa la tano. Kaka zangu aliwaacha nyumbani kwa sababu ya domo lao.

Tukachagua milima ya New Mexico, safari ya kutwa nzima garini.

Ningeweza kuchukua likizo Aprili. Kulikuwa na baridi, na sote, Baba akiwemo, tukasema tungoje jua. Kwetu ndivyo ilivyo: mvua huchafua mto, jua likiwaka siku mbili tatu maji yanang'aa hadi unaona mawe ya chini. Theluji ya mlima wetu ni ya kutazamwa kwa mbali tu. Huku imejaa mlimani hadi Mei, na jua ndilo linaloiyeyusha na kuimwaga mtoni. Tulingoja wikendi ya jua kali kabisa, tukaipata, na tukakuta mto umefura, rangi ya chai ya maziwa, unabeba matawi.

Jumamosi nzima Baba alisimama ukingoni akirusha mshipi kwenye kijisehemu kilichotulia nyuma ya jiwe moja. Jua lilivyozidi, ndivyo maji yalivyozidi. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni mama mwenye nyumba ya wageni aliniambia kwamba usiku theluji huganda tena kule juu, kwa hiyo alfajiri mto hushuka na kusafika. Mnapata kama saa mbili za kuvua, akasema, kabla jua halijapanda. Nikafurahi kama mtoto. Nikapanga kumwamsha Baba mapema.

Kisha Mwangi akapiga simu. Alikuwa ameshafika kwangu kutoka Missouri City, kule Houston, kuandaa sherehe ya kumuaga Baba.

"Sister, kesho ni saa kumi na moja jioni sharp. Pastor anakuja, watu wa church wame-confirm wote. Please, usituaibishe."

Ukimrudisha mzazi nyumbani bila mbuzi na maombi, utasemwa hadi Houston.

Alfajiri nilitoka kupakia gari. Mto ulikuwa umenyamaza. Nikasogea ukingoni. Maji yalikuwa yameshuka, mawe yako wazi, na nyuma ya lile jiwe la Baba trauti akapanda, akameza kitu, akaacha duara juu ya maji.

Baba akatoka na koti lake, fimbo ya kuvulia mkononi. Katika mwanga hafifu namna ile haoni kitu.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Ni kama sauti imepungua. Hebu niangalilie."

Nikaangalia saa.

"Bado ni machafu, Baba."

Akaitenganisha fimbo yake vipande, akaingia garini.

Niliendesha kama mwendawazimu, sikusimama ila kwa mafuta na choo. Kumi na moja kasoro tulikuwa mlangoni. Hakukuwa na mtu. Mwangi mwenyewe alikuwa ameenda kununua barafu. Mgeni wa kwanza aliingia saa moja na nusu na soda mbili, akasingizia jam barabarani. Jam ya Jumapili! Pastor alifika saa mbili.

Nimeishi na watu hawa miaka yote hii. Nilijua. Baba angevua hadi jua litoke, tule njiani taratibu, na bado mimi ndiye ningewafungulia mlango.

Baadaye wakamwomba Baba aseme neno. Akashukuru, akasimulia milima, akasimulia mto ulivyofura. "Hata asubuhi ya leo," akasema. "Huyu msichana wangu alirauka akaenda kuniangalilia, maji bado. Siku hizi macho yangu ni yeye."

Watu wakapiga makofi. Pastor akasema amina. Mimi nikaenda jikoni nikafungulia bomba, nisisikike.

Nikimwambia ukweli, namnyang'anya mto na macho kwa pamoja. Nikinyamaza, ataondoka na mto mchafu niliompa mimi, na huo ndio atakaowasimulia watu wa nyumbani. Nimezunguka na jambo hili tangu asubuhi.

Ameamka. Namsikia akipapasa ukuta akitafuta swichi. Sasa hivi ataniita aniulize kama mvua imekatika, na lolote nitakalomjibu, ataliamini.