Kujifunza Kungoja

Jumanne, 4 Machi
Jana tena. Hata shuka halijapata joto, nimeshamaliza. Nikageukia ukutani, nikajifanya nimelala. Mke wangu hakusema kitu — na hicho ndicho kinachonitesa. Ndoa haijafika hata mwaka. Leo nimekawia karakana makusudi, nikavua kitambaa cha kochi nililokwisha kulimaliza zamani, nikakipigilia upya.

Ijumaa, 7 Machi
Amenibana asubuhi, tukikunja nguo. Hakuzunguka. Akauliza kama simtaki, au kuna mwingine. Mwingine! Nikabaki nimeshika soksi moja. Nikamwambia ukweli: nakutaka kupita kiasi, ila mwili unanitangulia. Naona aibu, ndiyo maana nakukwepa. Akakaa kitandani, akalia kidogo — kumbe alidhani kasoro ni yake. Kisha akasema twende hospitali. Nikasema nitaenda mwenyewe.
"Kwani ulifunga ndoa mwenyewe?"
Nikaendelea kutafuta soksi ya pili.

Jumatano, 12 Machi
Daktari mwenyewe mwanamke, rika la mdogo wangu. Nikaanza habari za mgongo. Mke wangu akanikatisha: mgongo hauna neno, daktari, tatizo anamaliza mapema.
Daktari hakucheka, hakushtuka. Anasema wanaume wengi wanalo, wanaficha tu. Dawa zipo, lakini tuanze na mazoezi. Tendo lenyewe tuliweke kando kwanza. Mke atumie mkono. Nikikaribia niseme, aache kabisa, nitulie, ndipo aanze tena. Akanifundisha pia kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, kisha kuilegeza.
Mchana kutwa nimekaza na kulegeza nikiwa kwenye cherehani. Mwenzangu wa karakana akauliza mbona nimekunja uso, tumbo linasumbua? Nikasema ndiyo.

Jumapili, 16 Machi
Zoezi la asubuhi, vibaya. Nilichelewa kusema. Nikatupa mto, nikafoka kwamba mimi si mwanafunzi wa mtu. Akanyanyuka, akaenda kuwasha redio jikoni.
Mchana shemeji, kaka yake, akaja kula. Katikati ya chakula akatania: vipi, nitaitwa mjomba lini? Mke wangu akamjibu taratibu kwamba nyumba hii haina haraka.
Haraka! Nikamtazama. Ameuma mdomo asicheke. Nikacheka mimi, maji yakanipalia. Shemeji hakuelewa kitu, akanipiga mgongoni.
Alipoondoka nikamwomba mke wangu radhi. Akasema mto hauna kinyongo, yeye anacho kidogo.

Jumamosi, 22 Machi
Nimefunga karakana mapema. Pazia limeshushwa. Wiki hii tumejaribu tena na tena. Mara nawahi kusema, mara sisemi. Juzi nilisema "ngoja" kwa wakati. Akaacha. Tukalala tunatazama dari, ile hamu ikashuka yenyewe, kama kwikwi inavyoisha. Tukaanza upya. Sikuamini — ni mwili wangu huu huu?
Leo ameuliza kama tujaribu tendo lenyewe. Yeye juu, polepole, na nikisema ngoja, tunatulia. Nikakubali.
Yuko bafuni. Nimemuuliza kupitia mlango: nikishindwa je?
Akajibu, basi tutacheka, tutakula, tutajaribu siku nyingine. Kwake rahisi. Kalamu inateleza.
Maji yamenyamaza. Nasikia ndala zake. Daktari alisema saa hii nikaze au nilegeze? Nimesahau kabisa. Nitamuuliza mke wangu. Huyo anaingia, naweka kalamu.