Sabuni Isiyo na Povu

Jumamosi jioni, Moshi. Manyunyu tangu alfajiri, mlima haujajitokeza kutwa nzima, na mimi nimekaa na simu mapajani kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Mtoto wa kaka yangu amebabuka shingoni na mapajani, na sabuni anayoogeshewa nimeitengeneza mimi.

Wifi yangu Manka yuko uzazi, mtoto wa kwanza, huko nyumbani Uru. Mama yangu ndiye anayemtunza kwa desturi ya kwetu: mzazi apikiwe mtori, asiguse jembe, na mtoto aogeshwe na bibi yake. Zawadi yangu ilikuwa chupa ya sabuni ya maji. Wateja wangu wanaijua ile ya uso. Hii ya mtoto niliipunguza nguvu zaidi, na manukato sikuweka kabisa.

Juzi Manka akaniandikia, "Wifi, sabuni yako imemuunguza mwanangu." Nikapiga. Hakupokea.

Mnajua ninavyojisifu humu ukurasani kwangu. Nimewaeleza mpaka mkachoka kwamba sabuni inashika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine, ndipo uchafu unaondoka. Kwamba malighafi kali, ile ya sabuni ya vyombo, haichagui, inakomba hata mafuta ambayo ngozi imejitengenezea kwa kujilinda. Ndiyo maana natumia zile za upole, zinazotokana na nazi na sukari. Povu lake ni dogo, lakini povu halisafishi kitu, ni la kufurahisha macho tu.

Mbwembwe zote hizo, na usiku nalala macho wazi. Upole si kinga. Kuna ngozi zinazokataa hata hizo za nazi, na ya mtoto mchanga ni nyembamba mno. Je, kama nilipima vibaya?

Niliogopa, jamani.

Leo nimepanda Uru na karatasi zangu za kupimia, zile zinazobadilika rangi kuonyesha kama kitu kina uchachu au ukali wa magadi. Manka hakuinua uso niliposalimia. Nimeipima sabuni pale pale kitandani kwake, ikawa sawa kabisa. Hakutaka hata kuangalia. Akaniambia nesi wa zahanati alishawapa mafuta ya kupaka na kuagiza mtoto aogeshwe kwa maji matupu, na chupa yangu haijaguswa tangu siku ile.

Na bado wekundu unaongezeka. Basi kuna kitu kingine kinachomuunguza.

Nikamfuata Mama jikoni. Alikuwa anaandaa maji ya kumwogesha mtoto. Akajaribu joto kwa kiwiko, kisha akafungua kopo la magadi, yale yale ya kuivishia kiburu cha ndizi na maharage, akachota, akakoroga ndani ya beseni.

"Mama, nesi si alisema maji matupu?"

"Kwani hapo kuna sabuni?" akanijibu. "Hiyo yako haikuwa na povu, nikaona haina nguvu, nikaisaidia. Magadi yanalainisha maharage makavu, yatashindwa ngozi ya mtoto?"

Nikachovya karatasi. Ikageuka buluu iliyokoza. Nikamshika mkono, nikamweleza taratibu kwamba kinachoivisha maharage kinaila ngozi. Nilitaka kupiga kelele, lakini ni mama yangu. Naye alitulea sote watano kwa sabuni ya mche yenye povu tele. Hii yangu nilimkabidhi bila neno hata moja. Wateja nawaandikia kurasa nzima, mama yangu nikampa chupa.

Akakaa kwenye kigoda.

"Umemwambia Manka?"

"Bado."

"Niachie mimi."

Tukamwaga maji yale mgombani, akamwogesha mtoto kwa maji safi nikiwa nimesimama pembeni. Nilipoaga, Manka akanirudishia chupa yangu, ameifunga kwenye gazeti. Ningeweza kujitetea kwa sentensi moja. Lakini hao wawili wana wiki nyingi mbele yao ndani ya nyumba ile, mkwe na mama mkwe. Nikaipokea, nikashuka mjini na hasira zangu.

Sasa jioni inaingia na simu imenyamaza. Mama yangu simjui kwa kuomba radhi. Kwa watoto wake hajawahi, sembuse kwa mkwe! Je, akinyamaza? Nitaubeba mzigo huu mpaka lini?

Nilikuwa nimeishia hapo, ujumbe ukaingia. Ni Manka.

"Wifi, mama amenieleza yote. Amelia, sijawahi kumwona hivyo. Sasa anaogopa kumshika mtoto. Kesho baada ya ibada panda uje umwogeshe wewe, naye akae karibu aone. Maji matupu."

Nimeusoma tena na tena. Kisha nimeinuka, nimetafuta wembe, nimekata kucha.