Kapita Alirudi Bila Bata

Runingu, Uvira
18 Septemba 1957

Mpendwa mdogo wangu Libérat,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na kwanza kabisa kutoka kwa Mama. Hali yako ikoje huko Élisabethville? Kile kikohozi cha vumbi la mgodi kimekuachia? Sisi tungali wazima, namshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, kama utakavyoona.

Barua yako ya Pasaka tuliipata, nikamsomea. Unasema utarudi siku utakapopata mabati ya kuezeka nyumba yake, maana huwezi kusimama mbele yake mikono mitupu. Ulisema hivyo hivyo mwaka ulipoondoka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuchambua maharage. Mimi nimekukumbuka mno, hasa wakati wa kula, kwa sababu hakuna wa kubishana naye.

Sasa nikupe habari za Kapita, yule mbwa wa bwana mzungu wa pamba uliyemlea jikoni kwa Mama. Amekuwa dume zima, mweusi anang'aa. Bwana alinipa mimi firimbi yako na kazi yako ya kumfundisha, na Jumapili iliyopita, baada ya misa, wazungu wa Uvira na wa Usumbura walileta mbwa wao kwenye mto Ruzizi kuwashindanisha.

Unajua wewe kazi ya mbwa hawa si kuua. Bunduki inalia, bata anaanguka, mbwa anakaa kimya mpaka atumwe. Akitumwa anaogelea, anamleta bata mdomoni bila kumng'oa hata unyoya, anamweka mkononi mwa aliyemtuma. Waamuzi wanatazama na kutoa alama. Watu wa Runingu tulijaa ukingoni, na Mama alikuwa mbele kabisa pamoja na wanawake wenzake.

Libérat, Kapita alifanya kazi! Bata wa kwanza, safi. Wa pili alimtoa mbali hadi bwana akanipiga bega. Nikatamani ungekuwepo uone matunda ya mikono yako.

Bata wa tatu aliangukia kwenye matete ya ng'ambo, na nadhani maji yalimchukua. Kapita aliingia, akatafuta, akatafuta. Tuliona matete yanatikisika tu. Mwamuzi akaniambia nimwite, nikapiga firimbi. Akatokeza pembeni ya matete, maji kifuani, mdomo mtupu, akanitazama. Hasogei. Nikapiga tena, wapi! Tangu udogo wake hajawahi kurudi bila kitu, na haya ilimshika. Na pale, unakumbuka, mamba hawakosekani.

Ndipo Mama akasimama, akafungua mikono, akapiga impundu, vile vigelegele vya kumpokea mtu aliyetoka safari. Wanawake wote wakamfuata. Kapita akaogelea moja kwa moja, akanipita mimi, akawapita waamuzi na makofia yao, akaenda kulala miguuni pa Mama. Naye akamfuta maji kwa kikwembe alichojifunga kwenda misa.

Basi, tukatolewa. Sheria yao ni kwamba mbwa haitwi na mtu mwingine ila yule aliyemtuma. Bwana akawa mwekundu kwa hasira.

Njiani nilimgombeza Mama, Mungu anisamehe. Nilimwambia ametuharibia, mbwa hakuleta kitu na yeye anampigia impundu. Akanijibu:

— Bata, ni weye ulimutuma bata. Minye nilikuwa nataka mbwa irudie. Ulitaka ikae mule ndani ya maji mpaka mamba iikamate, juu ya kuona haya?

Tulitembea kidogo, halafu akasimama katikati ya njia, akishikilia goti lake.

— Muandikie mudogo wako. Umuulize, ile mabati, minye nilimuomba siku gani? Minye nilizaa mutoto, sikuzaa mabati.

Akalia, Libérat. Sijamwona Mama akilia tangu tulipomzika Baba.

Mke wangu Inamahoro anakusalimu, na dada yetu Bernardine wa Kimanga, ambaye anasema umemsahau. Mungu akulinde chini ya ardhi unakofanya kazi na juu yake pia.

Panda treni mpaka Albertville, upande meli, ushuke Kalundu na nguo ulizovaa. Usituletee kitu. Mama atakuwa ukingoni na impundu zake, na safari hii mimi sitamgombeza.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinikasirisha,

Onesphore