Mtambo wa Kopo la Biskuti

Jumatatu, 2 Juni

Umelia! Yaani mtambo wangu wa kurushia sauti redioni umelia! Wiki mbili za kuunga nyaya na kuungua vidole. Leo nimepuliza maikrofoni, na redio iliyo upande wa pili wa kibanda ikapuliza. Mtambo wenyewe mdogo kuliko kiberiti. Nikatoka na redio mkononi — hatua thelathini, kimya. Mpaka kwa Baba ni mita mia mbili. Bado nina kazi.

Baba yuko kitandani kwa kaka yangu, mwisho wa mtaa. Daktari anasema mfupa wa nyonga umeunga vizuri, kilichobaki ni woga. Asiposimama mwezi huu, miguu itazoea kulala. Fundi redio wa miaka arobaini, aliyenifundisha kushika solda, sasa anahesabu mbao za dari. Inaniuma. Angalau asikie kibanda chake.

Jumatano, 4 Juni

Nikisogeza mkono tu, stesheni inahama. Nimemwagia koili, ule msokoto wa waya, nta ya mshumaa ili itulie, nikafungia kila kitu ndani ya kopo la biskuti. Nimeongeza transista ya pili ya kukuza nguvu. Volti kutoka tisa hadi kumi na mbili. Antena ya waya juu ya paa, sentimita sabini na tano.

Sauti imefika! Wifi, mke wa kaka, kapiga simu na kelele zake zote: Baba anasikia kwenye redio yake ndogo!

Shida moja tu. Kinyozi wa jirani kaja mbio, kitana mkononi. Alikuwa anasikiliza mpira redioni. Badala ya goli wateja wakanisikia mimi fundi nakohoa. Nimecheka mpaka machozi. Nikamwomba radhi, nikahamia masafa yasiyo na mtu.

Jumamosi, 7 Juni

Kipindi kina jina sasa: Mgonjwa wa Leo. Naeleza dalili za redio iliyo mezani, Baba anatoa jibu kupitia simu ya wifi. Ya leo inakoroma, sauti haipandi. Sijamaliza, jibu hilo: kapasita ya pawa imevimba, na niache kufungua redio za watu kama namenya ndizi! Kufungua — kweli imevimba. Ng'ombe hazeeki maini.

Wifi anasema kamaliza sahani yote. Ila kusimama hataki kusikia. Kibanda kimemfuata mwenyewe, anasema, aende wapi tena?

Duh. Nimemletea dawa, kaifanya mto.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefanya jambo, na simwambii mtu. Nimerudisha volti hadi tisa, nikakata kipande cha antena. Siku zote napandisha, leo nashusha!

Baba kalalamika mtambo unakatakata. Nikamwambia ni betri, ajaribu dirishani. Mwongo mkubwa mimi.

Saa tano wifi kaninong'oneza kwenye simu: yuko kwenye kiti cha dirishani. Kajivuta mwenyewe, kashika ukuta.

Jumatano, 11 Juni

Volti saba. Barazani, na gongo la kutembelea! Kaitukana betri, kaitukana antena, kamtukana hadi fundi aliyenifundisha.

Ijumaa, 13 Juni

Volti sita. Mgonjwa wa leo mgonjwa kweli. Redio ya mbao, inaimba dakika mbili inazima. Nimebadilisha kila kitu. Nimeshindwa, nikasema hivyo hewani, bila utani.

Simu. Wifi anacheka na kulia kwa pamoja. Baba yuko getini, redio kwapani, hataki kushikwa. Ametuma salamu: tangu Jumatatu anajua ni mimi. Betri inayokufa hulegea polepole, haishuki ghafla kama ngazi. Njia ya mwongo ni fupi, kasema, hata yeye ataimaliza.

Aibu gani hii! Na furaha!

Namwona kutoka hapa mezani. Kinyozi katoka nje, mkasi mkononi. Nataka nikimbie nikamdake. Lakini nikinyamaza, Baba naye anasimama njiani, hasogei. Nimejaribu mara mbili. Basi naongea tu — rangi za nyaya, idadi ya skrubu, vumbi la spika — mdomo kwenye maikrofoni, mkono kwenye daftari.

Kafika kwenye nguzo ya umeme. Kaegemea. Anatweta. Nusu ya njia bado.

Skrubu zimeisha. Maneno yameniisha. Kilichobaki mezani chenye maneno ni daftari hili. Haya, nitafanyaje — ukurasa wa kwanza, Jumatatu, tarehe mbili. Namsomea. Kainua gongo, kapiga hatua