Mbegu Nyekundu za Erica

Nyumbani, 1 Desemba 2024

Dada Erica,

Shikamoo. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Ujue unaandikiwa na kijana ambaye Dodoma nzima haijazaa mwenzake. Juzi nimemfukuza fisi zizini kwa kumtajia mitihani yote niliyofeli, fisi akaona aibu akaondoka. Na kidato cha pili nilikiacha mimi, hakikuniacha chenyewe.

Bibi hajambo, ila magoti. Anauliza kama umekonda, nimemwambia umenenepa kama mwenyekiti wa ushirika. Kihenge kimebaki vumbi. Ugali tunaokula ni mwepesi mpaka unajiona sura ndani yake. Simu yangu kioo kimekufa, kwa hiyo barua nampa Fabian, dereva wa lori la nafaka la Mzee Zahir wa Majengo.

Hivi dada, wewe msomi, una mshahara na feni, unahangaika na kijiji hiki kwa nini? Wanasema unatafuta ubunge. Nimewaambia ukiupata, dereva ni mimi.

Mdogo wako asiye na mfano,
Stanley

Nkuhungu, 6 Desemba 2024

Mdogo wangu Stanley,

Marahaba. Mimi sijambo, kazi tu. Poleni na njaa. Huyo fisi amenisikitisha.

Hata ofisini wananiuliza swali lako. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilipokuwa kidato cha nne shule ilitaka kila mwanafunzi aende na debe la mtama, na sisi hatukuwa na punje. Ulikuwa mwezi wa pili, kijiji kizima kina njaa. Bibi akachukua kikapu akapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikatoa bakuli. Kwa mzee Bartolomayo walitoa pia, na jioni ile moshi haukutoka jikoni kwao. Niliangalia mpaka giza likaingia. Nilikula chakula cha watoto wa watu, Stanley, ndipo nikawa mtaalamu wa mbegu. Siutafuti ubunge. Nashindwa tu kula nikashiba.

Fabian analeta magunia mawili ya mbegu ya mtama unaowahi kukomaa. Ni nyekundu kwa sababu zimepakwa dawa ya wadudu na ukungu, ni sumu. Ndani ya gunia la kwanza kuna karatasi niliyoiandika. Kwenye mkutano wa Jumamosi simama uwasomee yote, neno kwa neno. Zisiliwe, hata kuku wasipewe. Zitakazobaki fukieni. Ningekuja mwenyewe ila nina safari ya kikazi.

Nakutegemea. Msalimie Bibi.

Dada yako,
Erica

Nyumbani, 16 Desemba 2024

Dada Erica,

Shikamoo. Huku wazima wote, na mimi ndiye mzima wao.

Mkutano umefana! Nilipanda juu ya kinu ili hata wa nyuma wanione. Nilivyoongea, wazee walisema kumbe mtaalamu ni mimi, wewe ni msaidizi wangu. Makofi mpaka watoto waliolala wakaamka. Kila kitu kimeeleweka, hata mbuzi wameelewa.

Mvua imepiga siku mbili, tumepanda. Imebaki kama nusu gunia. Bibi anataka kuita majirani waje kupalilia mwezi wa kwanza, na unawajua, bila pombe hawashiki jembe, na mtama wa pombe hatuna. Usijali lakini. Mimi nipo.

Mdogo wako, mtaalamu,
Stanley

Nkuhungu, 9 Februari 2025

Stanley,

Hujambo? Mimi nipo. Tangu tumzike Bibi hatujazungumza. Msibani kila nilipokusogelea ulikwenda kuchota maji.

Daktari amesema ni dawa ya mbegu, ilikuwa kwenye pombe. Bibi alionja kwanza, kama mwenye pombe anavyotakiwa, ili majirani waone ni salama. Tena hakuonja, alikunywa kata nzima kwa furaha ya kuona watu wamejaa. Mzee Bartolomayo alikunywa mafunda mawili, akalazwa siku tisa. Wengine walimwona Bibi anaanguka, wakamwaga.

Nasikia mtama ulishafika magotini na wameung'oa wote. Kijiji kimesema nisikanyage tena na mbegu zangu. Watakula nini mwaka huu, sijui. Wala siwezi kuwalaumu. Walinilisha, nami nimewarudishia hivi.

Barua yako ya Desemba ninayo. Uliandika imebaki nusu gunia, ukaandika Bibi hana mtama wa pombe. Nilizisoma sentensi hizo zikifuatana, halafu nikacheka ule utani wako wa mbuzi, nikaikunja.

Ile karatasi naiandika upya kichwani kila siku. Labda neno sumu lilitakiwa kuwa juu kabisa. Labda niliweka maneno ya ofisini. Wewe uliwasomea, ulikuwa unawaona nyuso. Ni wapi hawakuelewa? Niambie, nijue nilipokosea.

Dada yako,
Erica

Nkuhungu, 2 Machi 2025

Stanley,

Fabian anasema amekuona, mzima, ila siku hizi huongei. Barua yangu alikupa mkononi.

Jana nimeacha kazi. Nilishindwa kushika kalamu niandike maelekezo ya mbegu, hata ya watu wengine. Sikulaumu kwa lolote. Nataka kujua sentensi ipi, basi.

Dada yako,
Erica

Nyumbani, 20 Machi 2025

Dada Erica,

Shikamoo. Sijui nikwambie hali gani.

Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nilianza na utani. Nikachana.

Karatasi yako haikuwa na kosa. Nimeisoma juzi kwa mara ya kwanza. Neno sumu liko mstari wa kwanza, umelipigia na mstari chini. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa.

Siku ya mkutano ilikuwa mfukoni. Ningeitoa ningesoma polepole, kwa kidole, unanijua, na vijana wangecheka. Nikaona niongee ya kwangu. Nikasema mvua, nikasema maendeleo, wakapiga makofi. Mzee Bartolomayo akanyoosha mkono, akauliza, "Kijana, na huu wekundu ni wa nini?" Barua yako ilikuwa imenieleza, dada. Lakini nilijua nikisema sumu wataogopa, wataacha kupanda, na makofi yataisha. Nikasema ni rangi tu ya kampuni, ya kutambua mwizi akiiba. Nikasema ukiosha inatoka. Wakacheka, na mimi nikacheka.

Bibi alikuwa amekaa mbele. Alipokosa mtama wa pombe alikwenda kwenye lile nusu gunia nililotakiwa kufukia. Aliosha kwa maji matatu, maji ya kununua, mpaka wekundu wote ukaisha. Halafu akaniita nije kuangalia. Nikashika punje, nikamwambia, "Safi, Bibi. Loweka."

Mdogo wako,
Stanley