Sukari ya Kogo Imeshuka

Ijumaa. Mvua imetupiga tangu saa nane, matope mpaka mlangoni, na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sukari ya Kogo Tapsubei imeshuka!

Kogo ni nyanya wa hapa karibu na Silibwet, anachuma majani chai kwa shamba lake. Miezi mitatu sukari yake ilipanda tu. Daktari akasema isiposhuka mwezi huu, anaanza sindano ya insulini, na Kogo aliogopa hiyo sindano mpaka akalia. Mimi, nesi wake miaka kumi na moja, nilimgombeza: "Kogo, wewe ni kichwa ngumu. Dawa humezi."

"Nafuata vile ulisema," akanijibu. Nikaona ananidanganya.

Halafu kuna Hana, mwanafunzi wa udaktari kutoka Ujerumani. Kila mwaka tunaletewa hawa wanafunzi, na nakiri, huwa nawahesabu kama watalii. Huyu alikuja na kiherehere cha kufundisha. Alimchorea Kogo kongosho kwa karatasi, na Kogo akausifu mchoro sana. Sukari ikapanda tena.

Ndipo Hana akaniuliza, "Sista, naweza kwenda naye kuchuma?" Nilicheka. Mikono laini hivyo?

Alienda saa kumi na mbili asubuhi na gambuti za kuazima. Saa tano akarudi mbio, vidole vimekwaruzwa. "Sista, yeye hakula kabla ya kutoka! Alikula viazi saa nne huko huko, baada ya kupima majani kwa mizani. Na dawa iko nyumbani!"

Yawa! Nilikaa chini.

Mimi ndiye nilimwambia ameze asubuhi baada ya chakula. Asubuhi yake haina chakula, kwa hivyo hakumeza. Alinitii neno kwa neno. Na mimi nimezaliwa na mchuma majani, mama yangu alikuwa anatoka bila hata chai. Niliona aibu sana.

Tukatia vidonge kwa kichupa, kichupa kwa mfuko wa aproni yake, ameze akishakula viazi vyake vya saa nne. Wiki tatu.

Leo daktari ameangalia kipimo akasema sindano tuachane nayo. Kogo akaimba pale pale kwa foleni, akamkumbatia Hana mpaka miwani ikaanguka. Hana akaniambia, "Kwetu ningeongeza dawa tu. Nisingeuliza." Huyo sasa atakuwa daktari. Nimeshuhudia kwa macho yangu.

Jumatatu naanza na wengine wote niliowaita vichwa ngumu. Ni wengi, Mungu wangu. Nitawauliza wanakula saa ngapi, halafu ninyamaze wajibu.