Moshi wa Nyuki Kwenye Gari la Harusi

Mjukuu wangu Editha,

Mama yako ameniambia leo asubuhi kwamba gari lako linatetemeka na kuzimika likisimama, na fundi wa huko Dodoma anataka kushusha injini. Hapa Busunzu tu wazima, na maharage yametoa maua. Umeuliza kama ni kweli tuliwahi kutafuta kwa moshi tundu linalovujisha hewa kwenye injini. Ni kweli.

Siku ya ndoa yetu, pikapu ya kutupeleka kanisani Kasulu ilizimika kila iliposimama. Kaka wa bibi yako, mrina asali, alileta kopo lake la moshi. Tulizima injini, tukaunganisha kopo na njia ya hewa kwa mpira, tukaziba kwingine kwa matambara. Akapuliza kama anafukuza nyuki. Moshi ukafumuka kila upande, tusione kitu.

"Kaka, humo hamna nyuki," bibi yako akasema, shela tayari kichwani. "Puliza kama unapoza uji wa mtoto."

Akapuliza polepole. Uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka chini ya kabureta, kwenye mpira uliopasuka, mahali tulipokuwa tumepapasa asubuhi nzima. Tuliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, tukafika kanisani tukinuka moshi.

Mwambie fundi asubiri. Mjomba wako anapanda basi kuja huko Jumatano, na kopo lile la moshi analo. Bibi yako anasema upulize wewe, si fundi.

Babu yako